Mkusanyiko wa Nyimbo wa Kila Mwezi: Kazi ya Rafiki kwa Mtu Aliyepata Kiharusi

Kiharusi kinapomwangusha mtu, nyumba yake hujaa wageni. Wiki mbili za mwanzo majirani huja na uji, waumini wenzake huja na dua, wafanyakazi wenzake huja na bahasha. Kisha hali hutulia. Mgonjwa hajafa wala hajapona. Mkono wa kulia umelala pajani, maneno hayatoki, au hutoka yakiwa si yale aliyoyakusudia. Wageni hupungua, na kwa kadiri nionavyo kliniki, wa kwanza kutoweka mara nyingi ni marafiki. Ndugu hubaki kwa kuwa wana kazi: kuna kuosha, kulisha, kugeuza, kupeleka hospitali. Rafiki hana kazi. Yeye aliyezoea kubishana na mgonjwa kuhusu mpira na siasa sasa hukaa kwenye kiti, huutazama ukuta, husema "pole sana" kwa mara ya nne, kisha huaga. Safari ijayo hukawia. Inayofuata haji.

Makala haya yanaeleza kazi moja ambayo rafiki huyo anaweza kupewa. Kila mwezi, yeye na mgonjwa hukusanya nyimbo kumi au kumi na mbili zenye mada moja, huzipanga kwa utaratibu wanaoutaka wao, huzihifadhi, na mgonjwa huzisikiliza kila siku mpaka mwezi uandame tena. Shughuli hiyo haichukui nafasi ya dawa za kushusha shinikizo la damu, wala ya mazoezi ya viungo, wala ya tiba ya usemi pale ipatikanapo. Inakaa kando yake, na sababu za kuipa nafasi hiyo ni za kitabibu, ijapokuwa kwa nje inaonekana kama burudani ya wazee wawili barazani.

Desturi tuliyokuwa nayo

Jambo lenyewe si geni kwetu. Msomaji aliyezaliwa kabla ya miaka ya tisini ataikumbuka kanda tupu ya dakika 60, nusu saa kila upande. Mtu aliandika orodha ya nyimbo kwenye karatasi, akaipeleka pamoja na kanda kwa fundi mwenye santuri na redio kaseti, akalipa, akarudi baada ya siku mbili kuchukua. Kanda hiyo alipewa mchumba, au kaka anayehamia mkoani kikazi, au rafiki aliyekwenda masomoni. Na kwa upande wa wagonjwa, wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam wanakikumbuka kipindi cha Ugua Pole, ambacho kiliwapelekea salamu watu waliolazwa hospitalini. Kulikuwa na busara ndani ya kipindi kile, kwani aliyelala kitandani alisikia jina lake likitajwa, akajua kwamba huko nje bado anahesabiwa miongoni mwa walio hai.

Leo kijana mwenye kompyuta kibandani anaweza "kukurushia" nyimbo mia tatu kwenye memori kadi kwa muda wa kunywa soda moja. Sina ugomvi naye, na wagonjwa wangu wengi hupata nyimbo zao kwake. Ila nyimbo mia tatu hazikuchaguliwa na mtu, zimemiminwa. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na mpaka, na mpaka ndio uliomlazimisha mtu kukaa chini na kuamua wimbo upi uingie na upi ubaki nje. Tunachokitafuta hapa ni uamuzi huo.

Yanayotokea ubongoni

Kwa watu walio wengi, lugha hutegemea zaidi nusu ya kushoto ya ubongo. Mshipa wa damu ukiziba au kupasuka upande huo, mtu hupooza upande wa kulia wa mwili na huweza kupata afasia, yaani kupotewa na uwezo wa kusema, kuelewa, kusoma au kuandika, kwa viwango vinavyotofautiana. Afasia si kichaa wala si upungufu wa akili. Mtu anajua anachotaka kusema. Njia ya kulifikia neno ndiyo iliyoharibika.

Muziki haukuwekwa mahali pamoja. Mapigo, sauti inayopanda na kushuka, kumbukumbu ya wimbo na hisia zinazoamshwa nao hushughulikiwa na sehemu nyingi za nusu zote mbili za ubongo. Ndiyo sababu ya jambo ambalo familia huliona kama muujiza: mama asiyeweza kutaja jina la mwanawe huimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, maneno yakiwa kamili. Jambo hilo limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za mtu aliyepoteza usemi baada ya ugonjwa lakini akaweza kuimba tenzi alizozijua tangu zamani. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walichapisha njia ya tiba iliyojengwa juu ya msingi huo, ambamo mgonjwa hufundishwa kutamka vifungu vifupi vya maneno kwa lahani huku akigonga mapigo kwa mkono wa kushoto. Tiba hiyo huhitaji mtaalamu aliyefunzwa na haimfai kila mwenye afasia. Ni lazima pia tuwaonye ndugu mapema: kuimba wimbo uliokaririwa si sawa na kuzungumza. Mama aliyeimba ubeti mzima jana usiku hajifanyi bubu leo asubuhi.

Kuhusu kusikiliza, utafiti ninaoutumia zaidi ninapozungumza na wagonjwa ni ule wa Teppo Särkämö na wenzake mjini Helsinki, Finland, uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Brain. Walichukua wagonjwa 60 waliokuwa wamepata kiharusi muda mfupi tu uliopita, wakawagawa kwa nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilisikiliza kila siku, kwa miezi miwili, muziki waliojichagulia wenyewe. La pili lilisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti. La tatu halikupewa kitu cha kusikiliza. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Wagonjwa 54 walifika mwisho wa utafiti. Kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kukaza fikira viliimarika zaidi katika kundi la muziki kuliko katika makundi mengine mawili, na waliosikiliza muziki walikuwa na huzuni na mkanganyiko kidogo kuliko wale ambao hawakusikiliza kitu. Idadi hiyo ya wagonjwa si kubwa, na matokeo yake hayampi daktari ruhusa ya kuahidi. Yanampa ruhusa ya kupendekeza, kwa kuwa gharama ni ndogo na madhara ni machache.

Tuliangalie neno moja katika utafiti huo: waliojichagulia. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mtu akisikiliza wimbo anaoupenda hadi mwili ukasisimka, ubongo wake huachia dopamini, kemikali ileile inayohusika na raha ya chakula na hamu ya kutenda. Jambo la kupendeza ni kwamba huachiliwa mara mbili, katika sehemu mbili tofauti: sekunde chache kabla ya kilele cha wimbo, msikilizaji akiwa anakingojea, na tena kilele chenyewe kinapofika. Ili ukingojee kilele ni lazima uwe unaujua wimbo. Hivyo redio ya wodini inayopiga nyimbo zinazopendwa na mhudumu wa zamu haiwezi kufanya kazi ileile, hata ikiwa ni nyimbo nzuri.

Je, ni nyimbo zipi zinazojulikana kwa kina hicho? Kwa mtu wa makamo na kuendelea, kumbukumbu za maisha yake hujazana zaidi katika miaka ya kati ya umri wa kumi na thelathini: shule, kazi ya kwanza, mapenzi, harusi. Nyimbo za miaka hiyo hukaa pamoja na watu na mahali pake. Mzee wa miaka 70 leo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu mwaka 1978, DDC Mlimani Park ilipoanzishwa Dar es Salaam. Mjukuu anayemwekea nyimbo za mwaka huu ana nia njema, lakini hajaugusa mlango wenyewe.

Kwa nini mada, na kwa nini wawili

Kliniki tuna kipimo kifupi: tunamwomba mgonjwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Kinaonekana cha kitoto, na baadhi ya wazee hukasirika. Lakini ili kukijibu, ubongo huingia ghalani, hutafuta kwa utaratibu, hukumbuka kilichokwisha kutajwa, hukataa kisichohusika, na hubadili njia inapokwama: umemaliza wa nyumbani, nenda kwa wa porini. Kazi hizo ndizo zinazoyumba baada ya viharusi vingi, hata vile visivyogusa usemi.

Mada ya mwezi huuweka ubongo katika utafutaji wa namna hiyohiyo, bila saa ya daktari. "Nyimbo nzuri" si mada. Ni pana mno, na mtu aliyechoka huzama humo. Mada inayofaa ina ukuta. Nyimbo zenye jina la mtu. Nyimbo za safari. Nyimbo za mvua, kwa mwezi wa masika. Nyimbo alizoimba Mbaraka Mwinshehe akiwa bado Morogoro Jazz, kabla hajaunda Super Volcano. Taarabu za fumbo, na kila mmoja aeleze ni nani aliyekuwa akisemwa. Nyimbo za kwaya zilizoimbwa Jumapili fulani. Mada inayonogesha sana kwa wazee wa Dar es Salaam ni bendi za mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz, Bima Lee ya shirika la bima, Polisi Jazz. Hapo mazungumzo hayaishi, kwa sababu kila bendi huleta nyuma yake kiwanda, ukumbi, mwanamuziki aliyehama usiku, na ubishi wa nani alikuwa bora. Mimi nilikuwa mtoto mdogo enzi hizo, na nimejifunza historia ya muziki wa dansi kutoka kwa wagonjwa kuliko kutoka kitabu chochote.

Baada ya kupata nyimbo, kuna kupanga. Upi ufungue, upi ufunge, je, nyimbo mbili za polepole zifuatane? Wengi hawakiiti hicho mazoezi ya ubongo, na ni vema wasikiite hivyo. Nyimbo za dansi ni ndefu, kwa kuwa baada ya mashairi huja chemko la magitaa. Kumi tu zinatosha kufika saa nzima au kuikaribia, nao ni muda unaotosha kwa siku.

Kazi ya wawili ina manufaa ambayo kazi ya mmoja haina. Mgonjwa wa kiharusi hupokea tangu asubuhi hadi usiku: hupokea chakula, dawa, msaada wa choo, huruma. Nafasi ya kutoa imeziba. Hapa anatoa nusu ya nyimbo, na rafiki naye huenda nazo nyumbani akazisikiliza. Mkusanyiko ni mmoja, nakala ni mbili. Ninasisitiza nakala ya pili kwa sababu familia nyingi huisahau. Rafiki akija tu kumjazia mgonjwa nyimbo, tumerudi kwenye uji na bahasha.

Kuchagua bila maneno

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: mtu asiyeweza kusema atachaguaje? Atachagua vizuri kabisa, mradi mwenziwe awe na subira na njia.

Chumba kiwe na utulivu. Televisheni izimwe, watoto watoke. Aketi upande ambao mgonjwa anauona na kuusikia vizuri, kwani baadhi yao, hasa waliopata kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, husahau kabisa kwamba upande wa kushoto upo. Nyimbo ziletwe mbili mbili, si kumi. Rafiki apige sekunde ishirini za wimbo wa kwanza, anyamaze, apige sekunde ishirini za wa pili, kisha aulize: "Huu, au huu?" huku akiinua mkono mmoja kwa kila wimbo. Mgonjwa aonyeshe kwa kidole, kwa jicho, kwa kutikisa kichwa, kwa kuguna. Mwenye kuweza kusoma anaweza kuelekezwa kwenye majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Ndiyo na hapana ziandikwe pia, kwa sababu katika afasia neno "ndiyo" huweza kutoka mdomoni wakati kichwa kinasema "hapana". Ikitokea hivyo, kichwa na uso ndivyo vya kuaminiwa.

Baada ya kuuliza, angoje. Mtu mwenye afasia huhitaji muda mrefu kuliko adabu zetu za mazungumzo zinavyoruhusu. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kuuliza tena. Kishawishi kikubwa ni kumsaidia kwa kumalizia neno: mgonjwa anaanza "Mo... Mo..." na rafiki anarukia "Morogoro!" Pengine alitaka kusema Mombasa. Asaidiwe pale tu anapoomba kwa macho, na hata hapo aulizwe, asikisiwe kwa sauti ya ushindi.

Mgonjwa akianza kughani lahani asiyoweza kuitaja, rafiki aifuatishe. Hapo ndipo urafiki wa zamani unapofaa kuliko shahada, kwa kuwa mtu aliyecheza naye dansi kumbi zilezile huitambua lahani iliyopinda ambayo mimi na muuguzi tusingeitambua. Mgonjwa aliyechoka aachwe apumzike. Uchovu baada ya kiharusi ni dalili ya ugonjwa, si uvivu, na mkusanyiko mmoja unaweza kukamilika kwa vikao vinne vya nusu saa. Kwa hiyo mwezi ni kipimo kizuri kuliko wiki. Tena mwezi unaoana na dawa: wagonjwa wengi huchukua vidonge vya presha vya siku thelathini. Siku ya kufunga mkusanyiko na iwe pia siku ambayo rafiki anauliza vidonge vimebaki vingapi. Wengine hupimana presha siku hiyohiyo, na nimeona rafiki akigundua kwamba presha ya kutisha ilikuwa yake mwenyewe.

Aliyeanza kukubali kila kitu

Nitaeleza habari za mgonjwa mmoja, nikificha yanayoweza kumtambulisha. Alikuwa mstaafu wa miaka sitini na kitu, upande wa kulia umelegea, na katika lugha yake yote alibakiwa na "ndiyo", "hapana" na tusi moja ambalo mkewe aliniomba radhi kwa ajili yake. Hakuna haja ya kuomba radhi. Matusi, salamu na dua ni maneno yanayotoka yenyewe, na mara nyingi husalimika wakati maneno ya kupangwa yamepotea. Rafiki yake wa bao alikuwa ameacha kuja tangu mwezi wa tatu. Alipoitwa na kuelezwa kazi hii alishukuru kama mtu aliyefunguliwa kamba, akaja na orodha ya nyimbo za safari.

Mgonjwa alikataa nyimbo tano mfululizo. "Hapana. Hapana." Katika ule wa sita alitoa lile tusi, wote wawili wakacheka. Mke wake aliniambia kwamba tangu kiharusi kile hakuwahi kumwona akikataa kitu. Nililitafakari jambo hilo. Mgonjwa mahututi huamuliwa, na akishatoka katika hatari tunaendelea kumwamulia kwa mazoea: ale nini, avae nini, alale saa ngapi. Wimbo ni kitu kidogo ambacho anaweza kukikataa bila kumdhuru mtu wala kujidhuru.

Waliendelea mwezi hadi mwezi. Katika mwezi wa saba rafiki alikuja kliniki peke yake, akakaa kwenye foleni kama mgonjwa. Alisema: "Daktari, siku hizi swahiba wangu ananikubalia kila kitu. Nimemwekea hata nyimbo ninazojua anazichukia. Anasema ndiyo, ndiyo." Nyumbani walidhani mzee ametulia. Tulipomwita na kumchunguza, alikuwa halali vizuri, amepungua uzito, amepoteza hamu ya chakula, na vidonge vyake vya presha alikuwa akivitia chini ya godoro. Hiyo ilikuwa sonona, nayo humpata takribani mgonjwa mmoja kati ya kila watatu baada ya kiharusi. Dodoso letu la kawaida la maswali tisa la kuchunguza sonona huhitaji lugha. Mtu mwenye afasia hulipita bila kugunduliwa, hivyo hatuna budi kutegemea macho ya walio karibu naye. Alitibiwa kwa dawa na ufuatiliaji wa karibu, na vidonge vya presha vikawa vinamezwa mbele ya mtu. Mwezi wa tisa alianza tena kukataa nyimbo.

Mambo ya kuangaliwa

Machozi ndiyo yanayowatisha ndugu kwanza. Baadhi ya wagonjwa hulia, au hucheka, ghafla na bila kiasi kwa sababu ya jeraha lenyewe la ubongo. Kilio huja kama kupiga chafya na hukoma upesi, na mgonjwa hushangaa kuliko mtu mwingine yeyote. Wengine hulia kwa kuwa wimbo umemkumbusha marehemu, nalo ni jambo la kibinadamu. Aulizwe kama uendelee au uzimwe. Huzuni inayoendelea kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, ikiambatana na kukosa usingizi, kukataa chakula au kuonyesha kwamba maisha hayana maana, ni ya kuletwa hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Kuhusu nyimbo za misiba, naona ziachwe mpaka mgonjwa azitake mwenyewe.

Masikio nayo yalindwe. Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni sauti isiyozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda huo unakatwa nusu. Mtu hana haja ya mashine kuzingatia hilo: aliyevaa hedifoni akishindwa kumsikia anayemsemesha kwa sauti ya kawaida kutoka umbali wa mkono mmoja, sauti ipunguzwe. Wazee wengi wana upungufu wa kusikia tangu kabla ya kiharusi, na dawa yake ni kupimwa masikio, si kuongeza sauti. Wodini hedifoni zisiazimanwe bila kusafishwa.

Wapo wanaotaka kutembea kwa mapigo ya wimbo. Wazo hilo lina msingi: Michael Thaut na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba mapigo ya kusikika yaliyolinganishwa na hatua za mgonjwa huboresha mwendo wakati wa mazoezi baada ya kiharusi. Lakini mapigo yale yalipimwa na kuongezwa taratibu chini ya usimamizi. Chemko la gitaa linaweza kumwangusha mzee na kumvunja nyonga. Mazoezi hayo yafanywe na mtaalamu wa viungo. Barazani mkusanyiko usikilizwe mtu akiwa ameketi, na mguu mzima ugonge sakafu upendavyo.

Mwenye kupata degedege baada ya kiharusi aendelee kusikiliza kama kawaida, ila ikionekana kwamba wimbo fulani hutangulia degedege kila mara, uachwe na daktari aambiwe. Hali hiyo ni nadra sana.

Kwa wauguzi na waganga

Jambo hili linaweza kuanzia wodini kwa maswali mawili yanayochukua dakika chache. La kwanza, kwa mgonjwa au ndugu: alipenda muziki gani alipokuwa kijana? Majibu yaandikwe kwenye faili, bendi na waimbaji kwa majina, na pia kama hapendi muziki wa kidunia, au hapendi muziki kabisa, kwa kuwa wapo watu wa namna hiyo na wana haki ya ukimya wao. La pili: rafiki yake ni nani? Tuna nafasi ya kuandika jina la ndugu wa karibu katika kila fomu, lakini hatuna nafasi ya jina la rafiki. Liandikwe pembeni pamoja na namba ya simu, kwa ridhaa ya mgonjwa. Siku ya kuruhusiwa, huyo aitwe pamoja na ndugu, aelezwe afasia ni nini, na apewe kazi yake waziwazi. Nimeona kwamba watu wazima hawahisi kudhalilishwa kwa kupewa maagizo ya namna hii. Wengi walikaa mbali kwa sababu tu hakuna aliyewaambia la kufanya.

Vifaa si kikwazo kikubwa. Simu ndogo yenye memori kadi inatosha, au redio ya flashi ambayo mgonjwa anaweza kuiwasha kwa mkono mmoja. Kitufe cha kuwashia kibandikwe plasta yenye rangi ili akione. Rafiki asiye na simu ya kisasa aende kibandani na orodha yake mkononi, kama zamani.

Orodha ya kila mwezi iandikwe kwa mkono kwenye daftari la kawaida: mada, tarehe, nyimbo kwa mpangilio wake, na kando ya kila wimbo alama ya nani aliuchagua. Mgonjwa anayeweza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto aweke alama zake mwenyewe, hata zikiwa mikwaruzo. Ziandikwe pia nyimbo zilizokataliwa. Daftari hilo lije kliniki pamoja na kadi ya presha, nasi tulisome kabla ya kupima chochote.